Sura ya Nne: Karanga za Kongwa

Mwaka 1946 Waingereza walikuwa wameshinda vita lakini bado wanakula kwa kadi ya mgawo. Siagi, majarini, mafuta ya kupikia, sabuni, vyote vilipimwa. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alikuwa akitafuta mafuta ya mimea, na alipopita Tanganyika akapata wazo. Katikati ya nchi kulikuwa na mapori mapana yasiyo na watu. Matrekta yakiingia na karanga zikapandwa, Uingereza itapata mafuta na Tanganyika itapata maendeleo. Alilipeleka wazo hilo London mwezi Machi, na kabla ya mwaka kwisha serikali ilikuwa imelikubali.

Nataka tukae na wazo hili muda mrefu kidogo, kwa sababu halikuwa wazo la wajinga wala la wezi. Njaa ya mafuta ilikuwa ya kweli. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa msomi na mtu wa nia njema. Wengi waliokwenda Kongwa walikwenda wakiamini kwamba baada ya miaka sita ya kubomoa sasa wanakwenda kujenga. Uamuzi mbaya unaofanywa na watu wabaya haufundishi sana. Ule unaofanywa na watu wema, wenye akili, wenye pesa na wenye haraka, huo unatuhusu, maana ndio unaopitishwa kila wiki katika vikao vyetu.

Serikali ilituma watu watatu kulipima wazo la Samuel. Kiongozi wao, John Wakefield, alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kwa hiyo mtu hawezi kusema nchi ilikuwa ngeni kwake. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari wakiwa ndani ya ndege, wakarudi na ripoti yenye hesabu zilizonyooka sana. Zingelimwa ekari milioni 3.2, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja: mashamba 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na 10 Kenya. Gharama ingekuwa takriban paundi milioni 24, na ifikapo 1950 au 1951 zingevunwa tani 600,000 za karanga kwa mwaka.

Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu Reli ya Kati haikuwa mbali na kwa sababu ardhi yake ilikuwa wazi. Hilo la pili liliwavutia mno, kwani hapakuwa na haja ya kuhamisha watu. Sasa jiulize: ardhi inayofaa kilimo, iliyo karibu na reli, inawezaje kukaa bila watu katika nchi ya wakulima? Wagogo na Wakaguru walikuwa jirani. Wagogo walilima uwele na mtama, nafaka zinazovumilia kiu, na akiba yao kubwa ilikuwa ng'ombe, mali inayoweza kuhamishwa kufuata malisho. Waliyajua majina ya njaa zao. Ile ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyoitwa Mtunya, bado ilikuwa ikisimuliwa na watu walionusurika, kwani haikuwa imetimia hata miaka thelathini. Hapo jirani Mpwapwa, serikali ilikuwa na kituo cha utafiti tangu enzi za Wajerumani, na kilikuwa kituo cha mifugo.

Kila kitu mahali pale kilikuwa kinasema ng'ombe, uwele, na mvua isiyotabirika. Pori kukosa watu kulikuwa ni taarifa, tena taarifa iliyokusanywa na vizazi kadhaa vya watu walioijaribu ardhi ile kwa matumbo yao wenyewe. Wachunguzi waliliona pori wakalisoma kuwa nafasi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mpango ulipoanguka, kabla hata ya trekta la kwanza kupakiwa melini. Mengine yaliyofuata yalikuwa madogo kuliko hilo.

Mpango ungeweza kuokolewa na jambo moja rahisi: shamba la majaribio. Ekari mia kadhaa, misimu miwili au mitatu, aina mbalimbali za mbegu, kipimo cha mvua na daftari la gharama. Halikufanyika. Hoja iliyotolewa ilikuwa haraka, kwamba watu wanahitaji mafuta sasa na majaribio yatachelewesha. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kamati anaijua hoja hii kwa sauti yake. Huwa inasemwa na mtu mwenye uchungu wa kweli na watu, ndiyo maana ni ngumu kuipinga. Anayeomba kujaribu kwanza anaonekana hana huruma na wenye shida.

Kazi ikaanza mwaka 1947. Maelfu ya askari waliotoka vitani waliomba kujiunga na kile magazeti ya Uingereza yalichokiita jeshi la karanga. Viwanda havikuwa na matrekta mapya ya kutosha, kwa hiyo mitambo ikatafutwa kwenye maghala ya mabaki ya vita, mingine hadi Ufilipino. Kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakapewa jina Shervick. Bandari ya Dar es Salaam ikaelemewa na mizigo. Reli ilikuwa ya njia moja. Mwezi Septemba makuli wa bandarini waligoma wakidai mishahara, mgomo ukapanda na reli kuelekea bara. Mitambo iliyofika Kongwa ilikutana na vichaka vilivyosokotana, mizizi minene na mibuyu, na ndani ya baadhi ya mibuyu hiyo mlikuwa na nyuki. Kabla mwaka haujafika mbali, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala karakana ikisubiri vipuri.

Halafu udongo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na mchanga mkali. Mchanga ulisaga majembe ya plau. Mfinyanzi, mvua ikikatika, uligeuka kuwa kama saruji, na karanga huzaa chini ya ardhi. Ukifika wakati wa kuvuna na ardhi imeshakauka, zao lipo lakini halitoki. Mtoto wa mkulima yeyote wa Dodoma angeweza kulieleza hilo bila kuandikiwa ripoti. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Mwaka 1948 usimamizi ulihamishwa kutoka United Africa kwenda kwa shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation. Mwenyekiti wake, Leslie Plummer, alitoka kwenye biashara ya magazeti. Uendeshaji wa kule Kongwa alikabidhiwa meja jenerali, Desmond Harrison. Katikati ya kazi inayoyumba, chombo kikabadilishwa, wakuu wakabadilishwa, taratibu za karatasi zikabadilishwa, lakini dhana iliyobeba kila kitu haikuguswa. Nimekuja kuamini kwamba hii ndiyo dalili ya uhakika zaidi ya taasisi inayoogopa kuangalia kosa lake: inapanga upya ofisi. Mabadiliko ya muundo yanaonekana na yanaweza kutangazwa, kisha yanawapa watu miezi sita ya kupumua. Swali la msingi, kwamba karanga zinaweza kustawi hapa kwa gharama inayolipa au haziwezi, linabaki palepale.

Kipimo nacho kilikuwa kibaya. London ilitaka kujua ekari ngapi zimefyekwa, na kule porini watu wakafyeka. Walivumbua hata njia nzuri ya kuangusha miti kwa kuburuta mnyororo mzito kati ya matrekta mawili. Akili haikukosekana, ila ilitumika kujibu swali lililoulizwa. Kama lingeulizwa la tani, au la paundi kwa tani, pengine mtu angeinua mkono mapema zaidi.

Hesabu zilipofika kwa wakaguzi wa nje mwaka 1949, walishindwa kuthibitisha kwamba vitabu vilitunzwa ipasavyo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa habari zilikwisha kabla ya mali. Novemba mwaka huo Strachey aliwaondoa wajumbe wawili wa bodi, mmoja wao akiwa Wakefield mwenyewe. Ukame ulikuwa umeshapita Kongwa. Alizeti ilijaribiwa badala ya karanga. Mwezi Januari 1951 serikali ikatangaza kuuacha mpango, na zaidi ya paundi milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Kilichobaki kinaeleza zaidi kuliko ripoti. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, ambako mpango ulipanuliwa, na imeendelea kuhudumia kusini kwa korosho na mizigo mingine, ingawa reli iliyounganisha sehemu hizo mbili iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Urambo, ambako nako mpango ulifika, iligeuka kuwa nchi ya tumbaku, inayolimwa na wakulima wenye mashamba madogo. Na Kongwa leo kuna ranchi ya taifa. Ng'ombe. Ardhi ile imerudi kwenye kazi ambayo wenyeji na kituo cha Mpwapwa walikuwa wameionyesha tangu mwanzo.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wakoloni, yamepita. Basi tuchukue mfano wa karibu, uliokwenda kinyume kabisa, na ulioanza vilevile na wazo kutoka Uingereza.

Mwezi Oktoba 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone walianza majaribio nchini Kenya pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Wazo lao lilikuwa mkopaji apokee mkopo kwa simu na aulipe kwa simu. Walianza na mawakala wachache na wateja wasiofika 500, Nairobi na Thika. Katika kundi dogo kama hilo kila mteja anaonekana, na wateja wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Mmoja alimlipia mwenzake rejesho. Mwingine alimtumia pesa ndugu aliye mbali. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwenye simu asubuhi kabla ya kusafiri, wakaitoa walikofika, wasije wakaibiwa njiani.

Kiongozi mwenye kichwa kigumu angewarudisha kwenye mstari, kwa kuwa mradi ulikuwa wa mikopo. Hawa waliyatazama yale matumizi ya pembeni na kutambua kwamba hayo ndiyo biashara. Huduma hiyo ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, mikopo ilikuwa imewekwa kando, na ujumbe kwa wateja ulikuwa mmoja tu, tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha wateja walipita milioni moja.

Watu wanapenda kuisimulia M-Pesa kama hadithi ya teknolojia. Mimi naisoma kama hadithi ya daftari la wateja mia nne na kitu. Kama wangeanza na wateja laki mbili, yale matumizi ya pembeni yangekuwa kero ya kitengo cha malalamiko, na pengine mhandisi angepewa kazi ya kuyazuia.

Kuna upande wa Faulu ambao hausimuliwi sana, na kwa anayesimamia mabadiliko ndio wenye somo zito. Mikopo ya Faulu ilitolewa kwa vikundi. Wanachama walikutana kila wiki, wakadhaminiana, wakatazamana usoni. Fulani asipokuja, wenzake walikwenda kumgongea mlango. Simu ilipoingia, mwanachama aliweza kulipa akiwa sokoni au safarini, na kwake huo ulikuwa unafuu. Lakini asiyekuja mkutanoni anadhoofisha dhamana ya kikundi, na dhamana ya kikundi ndiyo iliyolinda fedha za Faulu. Juu ya hayo, mfumo mpya na vitabu vyao vya hesabu havikuongea lugha moja, wafanyakazi wakabaki kulinganisha kwa mkono. Kifaa kile kile kilichomrahisishia mteja kilikuwa kinalegeza nguzo ya taasisi.

Kwa hiyo, unapoingiza jambo jipya mahali pa kazi, swali la kwanza lisiwe wafanyakazi watalipokea vipi. Uliza utaratibu wa zamani unafanya kazi gani ambayo haijaandikwa popote. Mkutano wa kila wiki unaoonekana kupoteza muda huenda ndio unaomfanya mtu alipe deni. Karani wa stoo anayeandika kila kitu mara mbili, kwenye kitabu na kwenye kompyuta, huenda alishaona kompyuta ikipoteza mzigo. Tumezoea kuwaita watu hawa wapinga mabadiliko, na neno hilo limetugharimu sana, kwa sababu ukishampa mtu jina hilo hulazimiki tena kumsikiliza. Wengi wao wanalinda kitu. Kazi ya kiongozi ni kujua kitu gani, halafu ndipo aamue kama kinastahili kulindwa. Wakati mwingine hakistahili. Kuna wanaolinda posho, cheo au mwanya wa kuiba, na huo ukweli nao usikwepwe. Lakini hutautambua bila kuuliza.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Katika ofisi zetu mkubwa akishasema mbele ya watu kwamba mpango ni mzuri, kikao kimekwisha. Mdogo hawezi kumwambia mzee wake mbele za watu kwamba amekosea, na sidhani kama heshima hiyo ni ya kuondolewa. Inahitaji kuzungukwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, alipendekeza njia ambayo naona inakaa vizuri kabisa na desturi zetu, ingawa yeye hakuwa akitufikiria sisi. Kabla ya kupitisha uamuzi, kiongozi anawaambia waliokaa mezani: tuchukulie mwaka umepita na mpango huu umekufa kabisa. Kila mmoja aandike, peke yake, nini kiliuua.

Ni kama kukaa matanga ya mpango kabla haujafa. Matangani kila mtu ana ruhusa ya kueleza marehemu aliuguaje, na hakuna anayehesabiwa kuwa mkaidi. Swali likigeuzwa hivyo, mhasibu aliyekuwa kimya anakumbuka kwamba fedha za serikali huchelewa hadi robo ya pili. Dereva anasema barabara ya kule haipitiki Machi hadi Mei. Karatasi zisomwe na mtu mwingine bila majina, na anayesoma aanze na za wadogo. Mkubwa asiandike kabisa, au yake isomwe mwisho. Laiti watu watatu wa Wakefield wangelifanya hilo na wazee wa Kigogo kumi na wataalamu wa mifugo wa Mpwapwa, kwa alasiri moja tu, sidhani kama mvua na udongo vingekosa kutajwa.

Jambo la mwisho katika sura hii ni kuacha, na hapa nataka kutaja uamuzi wa nyumbani ambao hausifiwi vya kutosha. Mara baada ya uhuru, kwa ushauri wa wataalamu wa Benki ya Dunia walioandika ripoti yao mwaka 1961, Tanganyika iliamua kuhamishia baadhi ya wakulima kwenye makazi mapya yenye matrekta, nyumba na wasimamizi wa serikali. Mpango wa miaka mitano wa 1964 ulikusudia makazi mengi, zaidi ya hamsini kufikia 1970. Kwa miaka michache tu ikaonekana kwamba gharama ni kubwa mno, madeni hayalipiki, na wakulima wanasubiri serikali iwafanyie kila kitu. Mwezi Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba utaratibu huo unaachwa. Makazi yaliyokuwa yamekwisha kuanzishwa hayakufika hata nusu ya lengo.

Fikiria ugumu wake. Serikali changa, mradi uliotangazwa kwa fahari, wafadhili wanaotazama, na kumbukumbu ya Kongwa ikiwa na miaka kumi na mitano tu. Walitazama makazi machache yaliyokuwepo, wakayachukulia kuwa jibu, wakasimama. Iliwezekana kwa sababu ujenzi ulikwenda kwa awamu na hesabu za kila makazi zilionekana. Ndiyo maana inaniuma kwamba miaka saba baadaye, Novemba 1973, ilitolewa amri kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji kufikia mwisho wa 1976, nchi nzima kwa pamoja, na mamilioni wakahamishwa ndani ya miaka hiyo. Kasi ile haikuacha wilaya hata moja ya kutazamwa kwanza. Waliofanya yote mawili walikuwa viongozi walewale, wenye nia ileile.

Kuacha kunapaswa kupangwa siku ya kuanza, wakati hakuna aliyetia jina lake wala jasho lake. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza, kwa tarehe na kwa kiasi: ikifika mwezi fulani, tukiwa tumetumia kiasi hiki, na hatujaona jambo hili, tunasimama. Jambo lenyewe liwe linalohesabika na mtu wa nje, magunia yaliyouzwa, madeni yaliyolipwa, wagonjwa waliohudumiwa, lisiwe semina zilizofanyika au ekari zilizofyekwa. Na mtu wa kuisoma tarehe hiyo ikifika asiwe mwenye mradi. Katika chama cha ushirika awe mjumbe wa kamati ya usimamizi, katika shule awe mzazi kutoka kwenye bodi. Apewe muhtasari ule siku ileile unapotiwa saini, na ajue kwamba siku ya kuusoma kwa sauti ni yake.